Vibonzo Tulivyovipenda Utotoni: Istilahi za Kuviandikia Mwongozo

Madhumuni ya makala haya ni kujadili istilahi zitakazomfaa mtu anayetaka kuandika, kutafsiri au kufundisha juu ya aina moja ya kitabu ambayo katika baadhi ya nchi imekwisha kuzoeleka, lakini ambayo Kiswahili hakijaipa jina moja linalokubaliwa na wote. Nacho ni kitabu kinachokusanya habari za vibonzo na hadithi za picha ambazo watu walizipenda walipokuwa watoto: ni nani aliyezichora, zilitoka katika gazeti gani, zilianza lini, wahusika wake ni akina nani, na msomaji wa leo aanzie wapi akitaka kuzifahamu. Vitabu vya namna hiyo huandikwa zaidi na wapenzi wa kazi zenyewe kuliko wanavyuoni, na huandikwa kwa hamu ya mtu anayetafuta kitu alichokipenda na ambacho hakioni tena.

Pengine msomaji atauliza kama jambo hili linastahili kurasa za jarida la istilahi, ambamo amezoea kukuta maneno ya sheria, utabibu na kilimo. Sisi tunaona kwamba linastahili, kwa sababu mbili. Kwanza, vibonzo vilisomwa kwa hiari, na Kiswahili kinachosomwa kwa hiari hukaa moyoni kuliko kile cha mtihani. Pili, na hili ndilo kubwa, kazi hizi zinapotea huku zikikumbukwa. Mtu anamkumbuka mhusika lakini hakumbuki gazeti. Analikumbuka gazeti lakini hakumbuki mchoraji. Na anapojaribu kumweleza mwenzake, neno analotumia lina maana nyingine kwa huyo mwenzake. Tutajaribu kuonyesha kwamba upungufu wa istilahi ni sehemu ya upotevu wenyewe.

1. Kwa nini Kirumba

Tumeichagua Kirumba, mjini Mwanza, kuwa mahali pa kuyapimia maneno tunayoyajadili. Magazeti ya vibonzo yaliyopendwa Tanzania yalichapishwa zaidi Dar es Salaam, na yale ya Kenya Nairobi. Mwanza ilikuwa mwisho wa safari yake ndefu. Reli ya Kati ilifika Mwanza mwaka 1928, na kutoka hapo mizigo iliendelea kwa meli hadi Bukoba na Ukerewe. Gazeti lililosafiri hivyo halikuweza kuwa la mtu mmoja. Lilipita mkono kwa mkono, likasomwa na aliyelinunua, kisha na jirani, kisha na mtoto wa jirani, na mwisho likafungiwa karanga au maandazi. Karatasi ya gazeti ni karatasi duni. Hugeuka manjano, ikavunjika, na unyevu wa ziwani hauisaidii. Kwa hiyo yule aliyekuwa msomaji Kirumba ana kumbukumbu nyingi na nakala chache.

Tena Kirumba ina soko la samaki la Mwaloni, ambapo dagaa hununuliwa na watu wa pande zote za ziwa na hata wa Kongo, Rwanda na Burundi. Hapo Kiswahili kinasemwa na Msukuma, Mkerewe, Mjita, Mhaya, Mjaluo na Mkongo, kila mmoja kwa lafudhi yake, na mapatano ya bei yanafikiwa. Neno “mwalo” lenyewe ni mfano mwema. Limetoka katika lugha za wenyeji wa ziwa, na leo maofisa wa uvuvi huandika “mialo” katika barua zao bila kulieleza. Kanda hii imekwisha kuipa lugha ya taifa maneno mengine mazito: “ikulu” kutoka Kisukuma na Kinyamwezi, na “ngeli” kutoka Kihaya. Istilahi itakayoeleweka Mwaloni bila mkalimani haitashindwa kueleweka penginepo.

2. Wenzetu wamefanyaje

Mwandishi na mchoraji wa Marekani, Jules Feiffer, alitoa mwaka 1965 kitabu kiitwacho The Great Comic Book Heroes, ambamo alichanganya kumbukumbu zake za utotoni na nakala za hadithi alizozisoma wakati huo. Mwaka 1970 Robert Overstreet alianza kutoa orodha ya bei, yenye kumweleza mkusanyaji kila toleo la zamani lina thamani gani. Mwingereza Denis Gifford alichapisha mwaka 1975 orodha ya magazeti ya vibonzo ya Uingereza kuanzia 1874 hadi 1974. Mwaka 1976 Maurice Horn alihariri ensaiklopidia ya vibonzo vya dunia nzima.

Vitabu hivi vinne ni vya aina nne: kumbukumbu, orodha ya bei, orodha ya machapisho, na ensaiklopidia. Mfasiri akiviita vyote “miongozo” bila kufafanua, msomaji wake hatajua kama anapewa hadithi ya maisha au bei ya karatasi kuukuu.

Yafaa pia tutazame mataifa mengine yalivyozipa jina hadithi za picha zenyewe, maana kila taifa lilishika sehemu yake. Waingereza walishika kicheko, na jina lao likabaki la uchekeshaji hata kwa hadithi za vita na mauaji. Wafaransa walishika umbo, wakaziita ukanda uliochorwa. Waitalia walivitazama vile viputo vya maneno vinavyotoka vinywani mwa wahusika, wakaona moshi, wakaziita “fumetti”, yaani vimoshi. Wahispania walichukua jina la gazeti moja, TBO, lililoanzishwa Barcelona mwaka 1917, wakalitamka herufi kwa herufi, likawa “tebeo”, jina la magazeti yote ya aina hiyo. Hakuna kati ya majina haya linaloeleza kila kitu. Istilahi haidaiwi kueleza kila kitu. Inadaiwa kutenga kitu kimoja na kingine.

3. Kibonzo, katuni na hadithi ya picha

Utengaji huo ndio unaokosekana kwetu. Tuchukue swali jepesi: “Ulipenda katuni gani ulipokuwa mtoto?” Mwulize mzee wa Kirumba aliyekuwa shuleni katika miaka ya 1970, naye huenda atakutajia Chakubanga, mhusika aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Mwulize mjukuu wake, naye huenda atakutajia Ubongo Kids, kipindi kilichotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kuonyeshwa mwaka 2014. Wote wawili wamejibu sawasawa, lakini wamejibu maswali mawili. Kwa mzee, katuni ni mchoro uliotulia juu ya karatasi. Kwa mjukuu, katuni ni mchoro unaotembea na kusema katika kioo.

Sababu ya tofauti hii iko katika historia ya vyombo vyenyewe. Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Kabla ya hapo mtoto wa Mwanza hakuwa na katuni za nyumbani isipokuwa za magazeti. Baada ya hapo, na hasa Mwanza yenyewe ilipopata kituo chake, Star TV, neno “katuni” lilihamia kwenye kioo. Halikuliacha gazeti kabisa, bali lilianza kuishi katika nyumba mbili. Mwandishi wa mwongozo asiyelitambua jambo hili ataweka katika sura moja vitu visivyohusiana, na mwalimu atakayetumia kitabu chake atapata taabu.

Tunapendekeza basi mgawanyo ufuatao. “Kibonzo” kiwe mchoro uliotulia, wa fremu moja au chache, wenye kuchekesha, kukejeli au kuonya. Neno hili linatumika tayari, ni la ngeli ya ki-vi, linachukua viambishi bila shida (mwanavibonzo, uchoraji wa vibonzo), na halijahamia kwenye televisheni kwa nguvu kama mwenzake. “Filamu ya katuni” iwe michoro inayotembea. Neno “katuni” likisimama peke yake tuliachie mazungumzo, ambamo mazingira hulieleza. Lakini katika maandishi ya rejea lisisimame peke yake.

Inabaki hadithi ndefu iliyosimuliwa kwa michoro mingi inayofuatana. Wengi huiita “hadithi ya picha”. Jina hili ni zuri na linaeleweka, lakini nalo lina mpangaji mwingine ndani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Afrika Mashariki ilisoma kwa pupa gazeti la African Film, lililotolewa na kampuni ya Drum, ambamo mpelelezi Lance Spearman alipambana na wahalifu. Tanzania nayo ikawa na Film Tanzania, la mwandishi Faraja Katalambula. Magazeti hayo hayakuchorwa. Yalikuwa picha za kamera, watu halisi wakiigiza, na maneno yao yakiandikwa juu ya picha. Msomaji aliyeyapenda huyaita pia hadithi za picha, wala hakosei.

Kwa hiyo tunapendekeza “hadithi ya picha” libaki kuwa jina la jumla, na chini yake kuwe na majina mawili: “hadithi ya vibonzo” kwa ile iliyochorwa, na “hadithi ya picha za kamera” kwa ile iliyopigwa. Jina la pili ni refu, lakini halimwachi msomaji njia panda.

Wapo watakaouliza juu ya neno “pichadithi”. Hili limeundwa kwa uhulutishaji, kama “chajio” lilivyoundwa kutokana na “chakula cha jioni”, na kwa umbo ni neno lenye mvuto. Lakini Pichadithi ni jina la mfululizo maalum wa vijitabu vilivyoanzishwa na Terry Hirst mjini Nairobi na kutolewa na Kul Graphics katika miaka ya 1980. Mwongozo utahitaji kuutaja mfululizo huo kwa jina lake. Tukiligeuza kuwa jina la kazi zote, tutarudia yaliyolipata jina la Chakubanga: wapo wasomaji waliokuwa wakiita kibonzo chochote “chakubanga”, kama Wahispania na TBO yao. Jambo hilo ni sifa kubwa kwa mchoraji, lakini ni tatizo kwa mpanga orodha.

4. Sehemu za ukurasa

Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi kusoma hadithi ya vibonzo anahitaji majina ya sehemu zake. Ya kwanza ni ile mistari minne inayozunguka tukio moja. Wachoraji huiita “fremu”. Mtaani neno hilo lina maana nyingine inayojulikana sana, yaani chumba cha duka cha kupangisha, na mtu wa Kirumba akisikia “natafuta fremu” hatafikiria vibonzo. Hata hivyo fremu ya picha ukutani inajulikana pia, na maana ya tatu imetoka humo moja kwa moja. Hatuoni sababu ya kuwanyang'anya wachoraji neno lao. Neno lenye maana tatu si kosa ikiwa maana hizo hazikutani katika sentensi moja.

Sehemu ya pili ni lile duara lenye maneno ya mhusika. Yamependekezwa “puto” na “kiputo”. Puto ni kile cha mpira ambacho mtoto hukipuliza siku ya sherehe. Kiputo ni kile cha hewa kinachopanda ndani ya maji, na kila mtoto aliyekulia ufukoni amekiona. Tunachagua “kiputo”, kwa kuwa ki- ya udogo inafaa na kwa kuwa kiputo kinatoka kwenye kitu kinachopumua. Kipembe kinachomwelekea msemaji tutakiita “mkia wa kiputo”. Pale ambapo mhusika anawaza bila kusema, tuseme “kiputo cha wazo”. Maneno ya msimulizi yaliyo juu au chini ya fremu yaitwe “maelezo ya fremu”.

Sauti za ngumi, mlango au pikipiki zilizochorwa kwa herufi kubwa hazihitaji istilahi mpya. Fasihi inazo “tanakali za sauti”, na Kiswahili ni tajiri wa hizo kuliko lugha nyingi zinazotafsiriwa kuja kwetu. Mfasiri asihamishe sauti za kigeni kama zilivyo. Kitu kikianguka majini kwetu hulia “chubwi”, na mtu akianguka chini huanguka “pu”.

Mwisho kuna maneno manne ambayo hata watafsiri wazoefu huyachanganya: “toleo”, “nakala”, “chapa” na “juzuu”. Toleo ni gazeti la tarehe au namba fulani. Nakala ni karatasi moja uliyoishika mkononi. Toleo moja huwa na maelfu ya nakala. Chapa ni uchapishaji wa kwanza, wa pili au wa tatu wa kitabu kile kile. Juzuu ni sehemu ya kazi iliyogawanywa. Kwa mwongozo, tofauti hizi ndizo uti wa mgongo. Anayesema “ninalo toleo la mwisho” na anayesema “ninayo nakala ya mwisho” hawasemi jambo moja. Wa kwanza anajua gazeti lilikoma lini, wa pili anashikilia kitu ambacho kikiungua hakitarudi.

5. Majina ya wahusika

Gazeti la Sani lilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico Ye Mbajo, na jina lake limetokana na silabi za mwanzo za majina yao. Wasomaji wake walikutana humo na Ndumilakuwili, Lodilofa, Madenge, Kipepe na wengine, na marehemu Philip Ndunguru alikuwa miongoni mwa wachoraji waliolipa gazeti hilo sura yake. Majina haya si lebo tupu. Ndumilakuwili ni neno la kale la nyoka anayeuma huku na huku, na kwa hiyo la mtu mwenye ndimi mbili. Katika Lodilofa mna “lodi”, bwana mkubwa wa Kiingereza, na “lofa”, mtu asiye na kazi. Ubwana na ulofa vimefungwa pamoja, na mzaha uko katika fundo hilo. Huko Kenya, Edward Gitau alimwita mhusika wake Juha Kalulu. Juha ni mjinga wa ngano za Kiarabu, na kalulu ni sungura katika lugha kadhaa za Kibantu. Sungura, ambaye katika ngano zetu ndiye mwerevu, amepewa cheo cha mjinga.

Kwa mwongozo mambo matatu yafuatwe. Jina la mhusika liandikwe kwa tahajia moja kitabu kizima, hata kama magazeti yaliliandika kwa njia mbili, na ile tahajia ya pili itajwe mara moja. Jina lichukue upatanisho wa kiumbe hai: “Ndumilakuwili amefika”, si “imefika”. Na maana ya jina ielezwe, kwa kuwa kijana wa leo aweza kusoma Lodilofa bila kumwona lodi wala lofa.

Jambo la nne ni asili ya kisa. Mtafiti Jigal Beez ameonyesha jinsi Komredi Kipepe alivyofuata nyayo za Asterix, shujaa wa Kifaransa aliyebuniwa na Goscinny na Uderzo mwaka 1959. Kazi ya namna hiyo tuiiteje? Haikutafsiriwa, kwa kuwa mahali, watu na mizaha vimegeuzwa. Wala si buni tupu. Wanaisimu wana kitenzi “kutohoa”, yaani kuchukua neno la kigeni na kulivika matamshi yetu. Tunapendekeza kitenzi hicho kipanuliwe hadi kwenye visa: “hadithi iliyotoholewa”. Ni neno la haki, halimshitaki mchoraji wizi wala halimpi uvumbuzi usio wake.

6. Jina la kitabu chenyewe

Sasa tukijie kitabu. Neno la kwanza linalokuja mdomoni ni “mwongozo”, nalo lina historia nzito. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo wake, na mwaka 1981 CCM ikatoa wa kwake. Shuleni, mwongozo ni kile kijitabu cha kumsaidia mwanafunzi kujibu maswali ya riwaya iliyotahiniwa. Katika matumizi yote mawili mwongozo unamwambia mtu la kufanya au la kujibu. Mpenzi wa vibonzo haagizi mtu. Anamshika mkono na kumwonyesha. “Kiongozi” nalo ni mtu, na tena ni jina la gazeti. Hata hivyo hatuoni neno litakalolishinda “mwongozo” kwa kueleweka. Tunashauri liongezewe kijalizo: “mwongozo wa msomaji”. Kijalizo hicho kinaliondolea amri.

Neno la pili ni la huyo anayeandika. Je, ni shabiki au mpenzi? Kirumba ina uwanja mkubwa wa mpira, na siku ya mchezo maana ya “shabiki” haihitaji kamusi. Shabiki ana upande. Akiulizwa nani bora, jibu lake linajulikana kabla ya kipenga. Mpenzi naye anapenda, lakini mapenzi yake hayadai mwenzake afungwe. Redio ilituzoesha “wapenzi wasikilizaji”, na magazeti “wapenzi wasomaji”. Kwa hiyo tunachagua “mpenzi wa vibonzo”, na “ushabiki” tuuache uwanjani.

Neno la tatu ni gumu zaidi: ile hamu ya mambo ya utotoni iliyo ndani ya kitabu. Wahakiki wengine hutumia “nostaljia”, neno lisilosema lolote kwa asiyelijua tayari. Lakini wananchi wenyewe walikwisha kuunda lao. Nyimbo za bendi za zamani huitwa “zilipendwa”. Kitenzi cha wakati uliopita kimegeuka kuwa nomino, na ndani yake mna sifa na majonzi pamoja, kwamba zilipendwa, na wakati wake umepita. Upatanisho wake ni wa nyimbo. Kwa vibonzo tutasema “vilipendwa”. Mwongozo wa Vilipendwa ni jina ambalo mtu wa Mwaloni hatauliza maana yake.

7. Namna ya kuandika kidahizo

Kila mhusika au gazeti litakuwa na kidahizo chake, kama katika kamusi. Tunatoa mifano miwili.

CHAKUBANGA. Mhusika wa kibonzo. Mchoraji: Christian Gregory. Gazeti: Uhuru, Dar es Salaam. Muda: tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Maelezo: jina lake lilienea hadi baadhi ya wasomaji wakalitumia kwa kibonzo chochote.

JUHA KALULU. Mhusika wa kibonzo. Mchoraji: Edward Gitau. Magazeti: Tazama, kisha Baraza, kisha Taifa Leo, Nairobi. Muda: tangu miaka ya 1950. Maelezo: jina limeunganisha juha wa ngano za Kiarabu na sungura wa ngano za Kibantu.

Pamoja na hayo, kila habari katika kidahizo ionyeshe imepatikanaje, na hapa tunahitaji istilahi mbili za mwisho. “Ushahidi wa toleo” ni habari ambayo mwandishi ameisoma katika toleo lenyewe na anaweza kutaja tarehe au namba yake. “Kumbukumbu ya msomaji” ni habari aliyosimuliwa. Zote mbili zina haki ya kuingia kitabuni, maana bila kumbukumbu hakuna mtu angejua atafute nini. Lakini zisivae nguo moja. Kumbukumbu humhamisha mhusika kutoka gazeti hili hadi lile, na humpa mchoraji mmoja kazi ya mwenzake. Mchoraji aliyefariki hawezi kusimama kudai jina lake; mwandishi wa mwongozo ndiye atakayemdaia.

8. Muhtasari wa istilahi zinazopendekezwa

kibonzo (vi-): mchoro uliotulia wa fremu moja au chache, wenye kuchekesha, kukejeli au kuonya.
filamu ya katuni: michoro inayotembea.
hadithi ya picha: jina la jumla la hadithi inayosimuliwa kwa picha zinazofuatana.
hadithi ya vibonzo: hadithi ya picha iliyochorwa.
hadithi ya picha za kamera: hadithi ya picha iliyopigwa kwa kamera.
fremu: sehemu ya ukurasa yenye tukio moja.
kiputo: umbo lenye maneno ya mhusika, mkia wa kiputo, kiputo cha wazo.
maelezo ya fremu: maneno ya msimulizi.
hadithi iliyotoholewa: hadithi iliyochukua kisa cha kigeni na kukipa mahali, watu na mizaha ya kwetu.
mpenzi wa vibonzo: mtu anayevifuatilia, kuvikusanya au kuviandika kwa kuvipenda.
vilipendwa: vibonzo vya zamani vinavyokumbukwa kwa mapenzi.
mwongozo wa vilipendwa: kitabu cha kumwelekeza msomaji kwenye vibonzo hivyo.
ushahidi wa toleo. Kumbukumbu ya msomaji: kama zilivyoelezwa hapo juu.

Hitimisho

Haya ni mapendekezo, nayo yanahitaji kupimwa na watumiaji kabla ya kusanifishwa. Tunawaomba walimu wayajaribu darasani, na hasa wawatume wanafunzi kwa wazee wao na maswali mawili tofauti, moja la vibonzo na moja la filamu za katuni, ili waone kama majibu yatatengana. Tunawaomba watafsiri watuandikie palipo na neno linalokwama. Tunawaomba maofisa wanaotunza maktaba na majalada ya mikoa wasiyahesabu magazeti ya vibonzo kuwa taka. Nakala moja iliyosalia Mwanza huenda ndiyo itakayothibitisha jina la mchoraji. Na msomaji yeyote aliye na magazeti hayo sandukuni, tunamwomba aandike leo, juu ya kipande cha karatasi, jina la gazeti, namba ya toleo, tarehe yake na jina la mchoraji. Mwongozo utaanzia kwenye kipande hicho cha karatasi.